Kutoa matandazo ya zamani na kuweka mapya bila kuikosesha migomba nguo

Kila vuli ikikaribia huku Bukoba, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nyasi nilizotandaza mwaka jana niziondoe zote au niongeze juu yake? Mbona chini kuna utando mweupe? Konokono hawa wametoka wapi? Na lipo lile la waliohamia karibuni kutoka Dodoma au Shinyanga, ambako mtu hutandaza kwa kuogopa jua: huku mvua inanyesha hivi, matandazo ya nini tena?

Nianze na hilo la mwisho. Ukanda huu wa ziwa unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili peke yake hushusha zaidi ya nusu ya mvua ambayo Dodoma inaipata mwaka mzima. Mvua ya namna hiyo haimwagilii udongo, inaupiga. Kila tone linapasua chembe za juu, maji yanaondoka nazo, na mizizi ya mgomba, ambayo mingi iko karibu sana na uso wa ardhi, inabaki nje kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Ndiyo maana kibanja cha Mhaya, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kimekuwa kikitandazwa nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, tangu enzi za mababu. Nyasi zinapokea kipigo badala ya udongo.

Shida ni kwamba mvua hiyohiyo inayafanya matandazo yaoze haraka, yashikamane, yafuge wadudu na wakati mwingine yanuke. Kwa hiyo yanahitaji kutolewa na kubadilishwa. Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina kosa moja ambalo karibu kila mgeni hulifanya, nami nililifanya.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwangua robo nzima ya shamba Jumamosi, likabaki safi kama uwanja wa shule. Nyasi mpya zilikuwa zije Jumapili na pikapu. Pikapu haikuja, mvua ikaja usiku. Asubuhi samadi yote niliyoweka ilikuwa kwenye mtaro wa barabarani. Mzee jirani yangu akasimama kwenye uzio, akaangalia muda mrefu, akasema, "Mwanangu, umemvua mgomba nguo halafu umemwacha nje usiku." Tangu siku hiyo nina sharti moja tu, na hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka: usifunue udongo mwingi kuliko unaoweza kuufunika kabla ya jioni.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Cha kwanza ni nyasi mpya, na ziwe tayari ziko shambani. Si kwamba zimeagizwa au zimelipiwa, ziwepo. Kwa safu ya sentimita 10, eneo la mita 5 kwa mita 4 linakula mita 2 za ujazo, nazo ni rundo linalofika kifuani. Watu hupunja sana hapa. Mzigo unaoonekana mkubwa ukiwa umefungwa hutawanyika ukawa kiduchu.

Vingine:

- Reki yenye meno ya chuma, au jembe uma. Jembe la kawaida liache nyumbani.
- Panga kali, na ndoo ya maji yenye jiki kwa ajili ya kulisafisha: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 5 za maji.
- Toroli, au turubai la kuburuza kama njia ni telezi. Toroli kwenye tope linachosha kuliko kubeba kichwani.
- Magunia mawili matatu.
- Mabuti ya mvua na glavu. Chini ya nyasi mbichi kuna ng'e, siafu, na mara mojamoja nyoka. Mikwaruzo ya shambani pia si ya kudharau, pepopunda ipo.
- Mbao mbili ndefu za kukanyagia.
- Samadi iliyooza, debe 1 kwa kila shina la migomba. Kama huna, usisimamishe kazi kwa ajili yake.

Kitambaa cha kufunika pua kinahitajika pale tu unapogeuza nyasi kavu zilizoota ukungu, hasa zile zilizolala bandani. Vumbi lake linakera kifua.

Wakati wa kuifanya

Kwa huku kwetu dirisha zuri ni Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba, na lile dogo la Januari na Februari kabla ya masika. Lakini kata nyasi zako mapema, Juni au Julai, kwa sababu rweya huchomwa moto kiangazi na ukichelewa utakuta majivu. Zirundike mahali pa juu, zifunike.

Kama umeshapitwa na mvua imeanza, kazi bado inawezekana. Inakwenda polepole tu, kipande kwa kipande, na siku unachagua: angalau usiku mmoja uwe umepita bila mvua.

Hatua kwa hatua

1. Pima udongo kabla ya kugusa kitu. Sogeza nyasi kidogo, chota udongo wa kina cha kidole, ufinyange uwe donge kama la ugali, kisha lidondoshe kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, endelea. Likianguka "pwa" na kubaki donge, au likiwa linang'aa pale ulipolibonyeza, rudi ndani ukanywe chai. Udongo uliolowa hivyo ukiukanyaga unashindiliwa, na nafasi za hewa ukishazifunga kwa buti zako matandazo mapya hayatazifungua msimu huu. Ukilazimika kabisa, simama juu ya zile mbao na uzihamishe unavyosogea.

2. Zunguka shamba ukitafuta wagonjwa. Hii ifanye mikono mitupu, panga likiwa mbali. Tafuta mgomba wenye majani yanayonyauka na kugeuka manjano bila sababu, au mkungu ulioiva kabla ya wakati na ndani ya ndizi kuna rangi ya kahawia. Huo ni mnyauko bakteria, wengi Kagera wanauita unyanjano. Shina lake ukilikata hutoa usaha wa rangi ya manjano. Ulipoingia mkoani kwetu miaka ya 2000 ulimaliza vibanja vya watu, na njia yake kubwa ya kutembea ni panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Ukiukuta, kazi ya matandazo pale inasimama. Usitoe nyasi za shina hilo kupeleka kwingine, usitandaze majani wala vipande vyake popote, na mwite bwana shamba wa kata. Panga au reki ikishagusa hapo ioshwe kwa jiki, au chuma kipitishwe motoni mpaka kisishikike kwa mkono.

3. Gawa shamba vipande. Kipande kimoja kiwe kile unachoweza kukivua na kukivisha kwa saa tatu. Kwangu mimi, nikiwa na kijana mmoja wa kunisaidia, ni mashina sita ya migomba. Kwa bustani ya mboga ni tuta moja moja. Kama shamba lina mteremko, anzia juu ushuke: maji yakija katikati ya kazi yakute sehemu ya juu imeshafunikwa, vinginevyo yatapita juu ya ulichofunua yakiteremka na kila kitu.

4. Vuta, usilime. Piga nyasi kwa fimbo kwanza, ngoja kidogo, wenye miguu na wasio na miguu waondoke. Kisha vuta safu ya juu kwa reki, kwa wepesi, kama unavyochambua mchele. Ukifika safu iliyoshikamana weka reki chini utumie mikono.

Hapa ndipo wageni wanapoharibu. Mizizi midogo ya mgomba na ya kahawa hupanda hadi ndani ya matandazo yaliyooza, kwa sababu chakula kiko huko. Utaiona: ya mgomba ni minene kama kalamu, myeupe ikiwa michanga, na ina vinywele, ya kahawa ni myembamba kama uzi wa kushonea, imesukana na mboji. Ukivuta safu ukaona imeshikwa na mizizi hiyo, acha safu ilipo. Haitoki. Iliyobaki ni mali ya mmea.

Karibu na shina, sentimita 30 kuzunguka, safisha vizuri zaidi kwa mkono. Eneo hilo ndilo lililohitaji kutolewa kuliko yote.

5. Chambua mafungu matatu. Chota unachotoa, kiminye, kinuse.

Kilichooza kabisa, cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua: hiyo ni mboji. Irudishe palepale. Watu wanabeba mboji kwenda kuitupa bondeni halafu wanarudi kununua samadi, sijui ni kwa nini.

Kilichooza nusu, bado unaona vijiti na mabua, na huenda kina utando mweupe: weka kando kwenye turubai. Utakitumia tena kama safu ya chini. Ule utando mweupe ni kuvu wanaoozesha majani, na uyoga mdogo unaochomoza asubuhi ni jamaa zao. Hawaui migomba. Usiwanyunyizie kitu, na uyoga usiokuwa na hakika nao usiupike.

Cha tatu ndicho kinachotoka shambani: kilichokuwa chini ya mimea iliyougua (isipokuwa migomba yenye mnyauko, ambayo nyasi zake hazisogezwi), chenye magugu ya sangari au ndago yaliyochipua ndani yake, kilichojaa mbegu za kishona nguo, na kile kinachonuka yai bovu. Matandazo ya nyanya zilizopigwa na ukungu wa mvua, ule wataalamu wanaouita bakajani chelewa, yote yahesabu hapa hata kama yanaonekana mazima.

6. Angalia ulichokifunua. Sasa udongo uko wazi na una nafasi ambayo hutaipata tena hadi mwakani. Ng'oa sangari kwa kufuata mzizi wake mrefu mweupe mpaka mwisho. Ukikatika, kila kipande kilichobaki ni mche mpya. Usikate kwa jembe.

Geuza vipande vya mashina ya zamani vilivyolala karibu na migomba. Ukiona kidudu kigumu cheusi, chenye pua ndefu kama mrija, kisichokuwa na haraka, ukikigusa kinajifanya kimekufa: huyo ni fukusi wa migomba. Mchana anapenda unyevu wa chini ya matandazo, usiku anatembea kutaga, na funza wake ndio wanaotoboa kitako cha mgomba mpaka unaanguka na mkungu wake. Ukitaka kujua wako wangapi, chukua shina la mgomba mzima uliovunwa karibuni, kata kipande cha sentimita 30, kipasue katikati kwa urefu, ulaze upande uliokatwa juu ya udongo karibu na shina. Baada ya siku tatu geuza asubuhi na mapema, uwaokote, uwatie kwenye kopo la maji ya sabuni. Mtego huu ni wa bure na unafanya kazi hata kwa mtu asiye na hela ya dawa.

7. Ondoa maji, kisha weka samadi. Kama kuna dimbwi au udongo una rangi ya kijivu kama majivu yaliyolowa, chimba kijitaro chembamba cha kina cha sentimita 20 kuelekea pale maji yanapoweza kutokea. Usiende kukitoa kwa jirani. Matandazo juu ya maji yaliyotuama ni sawa na kumfunika mgonjwa wa homa kwa blanketi lililolowa.

Samadi imwage kwa mduara, kuanzia sentimita 30 hadi 60 kutoka shina, upande wa juu wa mteremko zaidi kuliko wa chini, kwa kuwa maji yataisambaza yenyewe. Ichanganye kidogo na udongo kwa vidole vya jembe uma, bila kuzamisha.

8. Tandaza. Rudisha kwanza fungu la pili, lile lililooza nusu, kwa unene wa vidole viwili. Juu yake weka mapya.

Unene unategemea mmea na udongo. Kwa migomba na kahawa kwenye udongo unaopitisha maji, sentimita 10 baada ya kushindiliwa kidogo kwa mkono, yaani upana wa kiganja na kidole gumba. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi shuka hadi sentimita 5 au 7. Hapo ukizidisha unafuga unyevu usiotoka. Mboga kama sukumawiki, nyanya na spinachi hutosheka na vidole viwili. Miche iliyotoka kitaluni juzi isipewe kitu kwa wiki mbili za kwanza wakati wa mvua, kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, hupenda sana shingo laini iliyofunikwa.

Umbali kutoka shina ni jambo ambalo sitachoka kulirudia: migomba sentimita 30 au zaidi, kahawa shubiri moja, mboga upana wa vidole vitatu. Rundo la nyasi lililopanda kwenye shina kama skafu huozesha gome na kumpa fukusi mlango wa kuingilia. Ukutani mwa nyumba acha sentimita 30 tupu, mchwa hawahitaji kualikwa.

Mwelekeo nao una maana. Kwenye mteremko laza nyasi kukingama, yaani mabua yakatize mteremko, yasielekee chini. Ukiyalaza kuelekea bondeni umetengeneza mifereji mia. Kisha lalisha juu yake mashina ya migomba mizima yaliyopasuliwa, kila baada ya hatua mbili, yazuie nyasi zisisombwe.

9. Shughulikia fungu la tatu siku hiyohiyo. Nyasi zenye magugu na mbegu zinaweza kuwa mboji, ila lundo lipate joto la kweli. Lifike kimo cha mita 1 angalau, changanya na samadi mbichi au majani mabichi, lifunike kwa turubai au majani ya migomba ili mvua isilipoze. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku nne au tano kichomoe: kikiwa cha moto na kina unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, mwagia maji. Kikitoka baridi na kinatiririka, umeloweka, ligeuze na uongeze mabua makavu. Ligeuze tena kila wiki mbili au tatu, miezi mitatu hivi utakuwa na mboji.

Mizizi ya sangari na vitunguu vya ndago usivitie humo. Vianike juani kwenye bati au mwamba hadi vivunjike mkononi. Mabaki ya nyanya zilizougua yakae mbali na shamba, na ya migomba yenye mnyauko yabaki palepale; bwana shamba atakuelekeza namna ya kuyazika.

10. Rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza. Asubuhi yake pita na reki. Utakuta mahali nyasi zimesogea, mahali zimerundikana kwenye shina, mahali maji yamejipitishia njia. Dakika ishirini za kurekebisha siku hiyo zinaokoa msimu.

Nyasi zipi, na zipi uziogope

Nyasi za rweya zilizokomaa lakini hazijatoa mbegu ndizo bora. Ni ngumu, hazishikamani, hupitisha maji. Ukizikata zikiwa na mbegu, unapanda magugu kwa mikono yako. Majani makavu ya migomba ni mazuri na yako palepale, ila huisha haraka, na yatoke kwenye migomba mizima tu.

Matete na majani ya Guatemala, yale marefu ya malisho ya ng'ombe, yanafaa sana kwa sharti moja. Yaanikwe mpaka vifundo vyake vife. Novemba moja nilitandaza matete yaliyokatwa jana yake, nikajisifu kwa shamba lilivyopendeza, na baada ya wiki tatu nikawa na shamba la matete lenye migomba ndani yake. Kwenye mvua kifundo kibichi kinachogusa udongo hakikuulizi kama umekipanda au umekitandaza.

Maganda ya kahawa yana rutuba nyingi, lakini yakiwekwa mabichi na mazito hupata moto na kushikamana kama zege. Yaache nje wiki kadhaa, kisha tandaza wembamba chini ya nyasi, yasiwe juu. Maranda na vumbi la mbao yaweke njiani unapopita tu, si kwenye mboga; yakichanganyika na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ambayo mmea uliitaka. Na kama hujui mbao zilipakwa dawa gani, yaache kabisa.

Swali la kumuuliza anayekuuzia nyasi: pamepigwa dawa ya magugu? Akisitasita, usinunue. Dawa nyingine hudumu kwenye jani lililokauka na kuja kuchoma nyanya zako baadaye.

Nailoni nyeusi naiona siku hizi kwenye mashamba ya nyanya. Peke yake, juu ya tuta lililoinuka na lenye mtaro, inafanya kazi. Usiizike chini ya nyasi huku kwetu. Nimeifukua kwenye shamba la rafiki, udongo wa chini ulikuwa wa buluu na hauna mnyoo hata mmoja.

Mambo yakienda vibaya

*Majani yamegeuka manjano wiki chache baada ya kutandaza.* Kama ni ya chini na yamefifia yote sawasawa, huenda ulitandaza vitu vikavu vilivyochanganyika na udongo, na naitrojeni imepungua. Vuta nyasi kando, weka samadi iliyooza au mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji mengi, rudisha nyasi. Kama mgomba mmoja tu ndio wa manjano na unanyauka, rudi hatua ya 2 na usiuguse kwa panga.

*Kunanuka yai bovu.* Hewa haiingii. Fungua nyasi kipande hicho mchana kukiwa na jua, zitikise, angalia kama maji yanatoka, funika tena jioni kwa unene wa nusu.

*Konokono wamemaliza spinachi.* Toa matandazo yote kwenye tuta hilo, upana wa hatua moja kuzunguka pia. Jioni laza gunia lililolowa au ubao katikati; alfajiri wamejikusanya chini yake, waokote. Majivu ambayo kila mtu anakushauri hufanya kazi yakiwa makavu, na huku yatakuwa makavu kwa saa ngapi? Ukishawapunguza, rudisha nyasi chache zenye mabua magumu.

*Miche imekatwa shingoni usiku.* Chimba kwa kidole kuzunguka mche, utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja kama herufi C. Muue, panda mche mwingine, uweke tupu bila nyasi hadi shina liwe gumu.

*Kuku wanatawanya kila kitu.* Wanatafuta minyoo, na minyoo ni dalili kwamba kazi yako ni nzuri. Lalisha matawi yenye miiba juu kwa wiki mbili tatu, au uwafungie mpaka nyasi zishikane. Mimi nimeshindwa kuwafungia, natumia matawi.

*Nyasi zimekwisha katikati ya masika.* Huwezi kukata nyasi za rweya zikiwa na maji, ni nzito kupita kiasi. Tumia ulichonacho: majani makavu ya migomba, mabua ya maharage yaliyovunwa, hata magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa maua na kuanikwa ukutani. Funika kwanza upande wa juu wa mteremko na mashina yenye mikungu. Sehemu ambayo haitapata kitu, usiipalilie kabisa. Yafyeke magugu kwa panga yabaki na mizizi yake, yatashika udongo mpaka Juni ukakate nyingine.